Miezi Mitano Bei Zilipoganda

Kila tarehe kumi ya mwezi, saa mbili asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, mwanamke mmoja mrefu na mwembamba aliingia sokoni kwa mlango wa wauza mkaa. Alibeba ubao wa kuandikia, penseli mbili na mizani ndogo ya kushika mkononi. Hakuwa amekuja kununua kitu. Wauzaji walimwita Dada Bei, na wageni wa soko walimdhania mtu wa kodi mpaka walipoelezwa.

"Huyu hana neno," muuza mayai aliwaambia. "Anauliza tu, kama mtoto wa chekechea. Mjibu aende zake."

Kazi yake ilikuwa kukusanya bei kwa niaba ya ofisi ya takwimu. Fomu ilikuwa na bidhaa arobaini na mbili, kuanzia unga mpaka betri za tochi, na kila bidhaa ilihitaji wauzaji watatu. Ilimchukua siku tatu. Kutokana na fomu kama hizo, zilizojazwa na watu kama yeye katika masoko zaidi ya mia, ndipo ilipopatikana ile namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari, kwamba mwezi huu maisha yamepanda kwa kiasi fulani.

Aliajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na alidumu hivyo miaka ishirini. Kazi aliifanya vizuri kupita alivyotakiwa. Wakusanyaji wengine waliandika bei ya fungu la nyanya wakaondoka. Yeye alilipima fungu. Alijua kwamba muuza nyanya akibanwa hapandishi bei, anapunguza nyanya. Fungu linabaki na bei yake ya zamani, kubwa zinapangwa juu, ndogo zinafichwa chini, na mnunuzi anakuwa amepandishiwa bila kuambiwa.

"Dada Bei, utanifungisha biashara," muuza nyanya alilalamika siku moja. "Nyanya moja tu nimeitoa, na wewe umeiona?"

"Moja uliitoa mwezi uliopita. Leo umetoa ya pili."

Soko zima lilicheka, muuza nyanya akiwa wa kwanza.

Nyumbani walikuwa wanawake watatu. Mama alikuwa fundi cherehani, bingwa wa kuongeza pindo la sare za shule ili zivaliwe mwaka mwingine. Baba alifariki wakati binti wa pili akiwa mgongoni. Kati ya binti hao wawili kulikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndiyo sababu mkubwa, alipomaliza kidato cha nne na kufaulu, hakuendelea. Hakuna aliyemkataza. Ilionekana tu kwamba mtu mmoja lazima atafute kazi, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Mdogo walimwita Profesa. Jina alilipata akiwa na miaka saba, alipomuuliza mwenye duka, mbele ya wateja, kwa nini mkate wa jana unauzwa sawa na wa leo. Alisoma mpaka chuo kikuu, akachukua uchumi, akapata ufadhili wa kwenda nje kwa shahada ya pili, na baada ya hapo chuo kilekile kikamchukua kwa udaktari.

"Huo uchumi ndio nini hasa?" mama alimuuliza wiki aliyoondoka, akiwa anamshonea mfuko wa ndani wa koti wa kuwekea pasipoti.

"Ni kile anachofanya dada," Profesa alisema, "ila ukiwa umekaa."

Mama alicheka mpaka sindano ikaenda kombo. Kwa miaka mingi baadaye, akiulizwa na majirani mwanawe mdogo anasomea nini, alijibu vivyo hivyo, na alikisema kisehemu cha mwisho polepole ili kisipotee.

Huko nje mambo hayakuwa ya kuchekesha. Profesa alikuwa amedhani uchumi ni watu. Alikuta ni ubao mzima wa alama za hesabu, na ndani yake hakuna muuza nyanya hata mmoja. Wenzake walikuja wameshasoma hesabu ambazo yeye hakuwahi kuzisikia. Alikuwa na chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, jiko la kushirikiana na watu saba, na rafu moja kwenye friji iliyobandikwa karatasi yenye jina lake. Mwisho wa mwaka wa pili wa udaktari kulikuwa na mtihani mmoja mkubwa. Ukishindwa, unarudia mara moja. Ukishindwa tena, unafungasha.

"Kila mwaka wanaondoka watatu au wanne," alimwambia dada yake kwenye simu. "Wanaondoka kimya kimya. Unakuta tu karatasi ya jina imebanduliwa kwenye friji."

Mtihani wake uliwekwa katikati ya mwezi wa sita. Mwezi wa kwanza wa mwaka huohuo, mama alianza kushindwa kumeza.

Kwanza ilikuwa nyama, kisha mkate, kisha hata uji ukawa unapita kwa shida. Walienda hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu kwa basi. Daktari alisema ni uvimbe kwenye koo la chakula na kwamba umeshatambaa. Mama alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, na siku hiyohiyo alitoa amri.

"Profesa asijue."

"Mama, huyo ni mwanao."

"Ndiyo maana. Akijua atakuja, na akija hatarudi. Mimi namjua. Atakaa hapa ananikamulia machungwa mpaka mtihani upite."

"Na akija kujua baadaye?"

"Baadaye mimi sitakuwepo kugombezwa. Utagombezwa wewe." Akamshika mkono. "Samahani, mwanangu."

Kwa hiyo wakawa wanadanganya pamoja. Profesa alipiga simu kila Jumapili. Dada mtu alimwinua mama, akamwekea mito miwili mgongoni, akampa maji ya kulowesha koo, kisha simu. Mama alikusanya nguvu za wiki nzima zikatoka katika dakika nne.

"Niko uani, naanika nguo," alisema siku moja, na mgonjwa wa kitanda cha pembeni akaziba mdomo kwa shuka. "Kelele gani? Hao ni watoto wa jirani. Wewe soma, acha kupekua uani kwangu."

Simu ilipokatwa, mgonjwa yule alisema, "Mama Profesa, nguo zako zikikauka unianulie na zangu." Wodi nzima ilicheka, na mama alicheka nao mpaka kikohozi kikamlaza.

Jumapili ambazo hakuweza, dada mtu alijibu kwamba mama amelala, au ameenda kwa jirani, au simu yake imeharibika.

Na tena kulikuwa na tarehe kumi, siku ya fomu. Kazi ya mkataba haikuwa na likizo. Mtu akisema hawezi, fomu anapewa mwingine, na mwingine huyo hairudishi. Wakati huo kipato cha nyumba kilikuwa hicho tu, kwani cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kanuni iliruhusu jambo moja. Kama muuzaji hakupatikana, unarudia bei ya mwezi uliopita na kuweka nyota pembeni, ili ofisi ijue. Lakini nyota zisizidi tano kwa fomu. Fomu yenye nyota arobaini na mbili ingerudishwa siku hiyohiyo, na mwenye fomu angeitwa.

Mwezi wa pili, akiwa kwenye benchi la wodi, alinakili bei za mwezi wa kwanza, zote, bila nyota. Alijiambia ni mara moja tu.

Mwezi wa tatu alikaa na penseli muda mrefu. Alikuwa akisikia kwamba mafuta ya magari yamepanda, na alijua sokoni kila kitu kitakuwa kimesogea. Angeweza kukisia. Baada ya miaka kumi na saba ya soko lile, makisio yake yangekuwa karibu kabisa na ukweli. Lakini hakuwahi kuandika bei ambayo hakuambiwa na muuzaji, na mkono ulikataa. Namba za mwezi wa kwanza angalau zilikuwa za kweli. Mchele uliwahi kuuzwa bei ile, na yeye aliiona kwa macho. Kuirudia, kwa jinsi alivyopima mwenyewe, lilikuwa kosa dogo kuliko kubuni. Akanakili tena. Mwezi wa nne, wa tano na wa sita akafanya hivyo hivyo.

Mlaghai wa kawaida angeongeza kidogo hapa, akapunguza kidogo pale, na asingejulikana milele. Hilo yeye hakuliwazia. Soko lake lilikuwa dogo, uzito wake katika hesabu ya nchi haukufika hata punje, na ofisi ilipokea fomu tano zinazofanana bila kukohoa.

Mama alifariki mwezi wa sita, tarehe kumi na nne. Mtihani wa Profesa ulikuwa tarehe kumi na sita. Dada mtu alisafirisha mwili, akazika na majirani na wauzaji wa soko, na tarehe kumi na saba, mtihani ulipokwisha, ndipo akapiga simu.

"Ilikuwa ghafla," alisema. "Ameanguka tu. Hakuugua."

Kilio cha upande wa pili kilichukua muda. Kisha Profesa akauliza kwa sauti ya mtoto, "Hakuteseka?"

"Hakuteseka."

"Basi afadhali, dada. Basi afadhali."

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Alikuwa wa tatu kutoka mwisho kati ya waliofaulu. Alifaulu.

Ikapita miaka mitatu. Jumamosi moja adhuhuri, Profesa alipiga simu ya video, akiwa amekaa sakafuni katikati ya karatasi, akiongea haraka kama zamani.

"Dada, nimepata kitu. Kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Umepata mchumba?"

"Kikubwa kuliko mchumba. Nimepata sura ya tatu ya tasnifu yangu."

Alikuwa ameomba kutoka ofisi ya takwimu bei za masoko yote madogo, mwezi kwa mwezi, kwa miaka kumi. Alipochora michoro, soko moja lilimkamata jicho. Lilikuwa soko lao wenyewe. Katika mwaka ambao mafuta ya magari yalipanda na nchi nzima bei zikaruka, soko lile lilisimama. Kwa miezi mitano, bidhaa arobaini na mbili hazikusogea hata kidogo. Mwezi wa saba zikapanda zote kwa mpigo.

"Wataalamu wanasema haiwezekani," alisema. "Lakini wataalamu hawajui soko letu. Pale muuzaji anamjua mnunuzi, anajua nani ana mgonjwa, nani hana kazi. Walishika bei, dada! Walijinyima ili watu wao wasiumie, mpaka uwezo ukawaishia kwa pamoja. Ni utu, na umeonekana kwenye namba. Msimamizi wangu ni mtu wa kula tofaha kikao kizima bila kunitazama. Safari hii aliliweka tofaha mezani."

Dada mtu alitazama uso ule kwenye kioo cha simu. Hakuwa ameuona umefurahi hivyo tangu mazishi ambayo Profesa hakuyahudhuria.

"Waliniuliza data ni ya kuaminika?" Profesa aliendelea. "Nikawaambia mkusanyaji namjua tangu nizaliwe. Anapima hata fungu la nyanya. Nikasema, huyo hakosei."

Alikuwa na ombi moja. Angetuma dodoso la maswali sita, na dada awahoji wauzaji kumi na wawili waliokuwepo mwaka ule. Swali la kwanza lilisema: Kati ya mwezi wa pili na wa sita ulishikilia bei zako. Kwa nini?

Dada Bei alienda sokoni siku ya kawaida, isiyo tarehe kumi, na hilo peke yake liliwashtua.

"Nishikilie bei?" muuza mchele alisema. "Niishikilie kwa mkono upi? Mwenye lori alipandisha mara tatu, na mara ya tatu alinitukana."

Muuza mayai aliangua kicheko. "Mwezi wa nne nilipandisha mara mbili ndani ya wiki moja. Mama mkwe nilimpandishia! Mpaka leo akija kwangu anasalimia mayai, mimi hanisemeshi."

"Aliyeshika bei mwaka ule atakuwa alishika na njaa," muuza nyanya alidakia. "Mwandike huyo, halafu utuonyeshe kaburi lake."

Aliandika majibu yao yote kama walivyoyasema. Alipofunga kalamu, muuza mayai alikuwa ameacha kucheka.

"Lakini Dada Bei, miezi ile wewe hukuwepo. Ulikuwa unamuuguza mama. Sisi tulisema hata fomu labda wamempa mwingine." Alifuta yai kwa pindo la kanga, bila ubaya wowote. "Sasa hizo bei za kusimama zilitoka wapi?"

Dada Bei alisema hajui, akaondoka.

Madodoso kumi na mawili yalikaa juu ya kabati siku tisa. Kuna mambo mawili aliyoyajua. La kwanza, akinyamaza na kutengeneza majibu mengine, sura ya tatu itasimama, mdogo wake atakuwa daktari, na hakuna mtu duniani atakayewahi kuja kuwauliza wauza mayai wa mji mdogo. La pili ni kwamba mwandishi wa sura ile ameshaapa kwa jina la dada yake. Kusema maana yake ni kumvunja mara mbili, kwa sababu hawezi kueleza namba bila kueleza wodi. Atamnyang'anya utafiti, kisha amnyang'anye ile "basi afadhali" aliyoishi nayo miaka mitatu.

Profesa alituma ujumbe. Dada, vipi, wamesemaje? Siku iliyofuata akatuma mwingine. Nimepata nafasi ya kuisoma kwenye mkutano mkubwa. Watakuwepo watu ambao nasoma vitabu vyao.

Jumapili, saa nane mchana, dada mtu alipiga.

"Hawakushika bei," alisema, kabla hata ya salamu kuisha.

"Nani kasema? Wanaona aibu kujisifu, dada, ndivyo walivyo. Waulize kwa njia nyingine."

"Sikuwauliza mwaka ule. Sikwenda sokoni. Nilinakili za mwezi wa kwanza."

Profesa alicheka kidogo. Alikuwa akingoja sehemu ya pili ya utani. "Miezi yote mitano?"

"Yote."

"Wewe?"

"Mimi."

Karatasi zilipekuliwa upande wa pili. Kisha Profesa akauliza, taratibu, sauti imebadilika kuwa ya mtu anayehesabu, "Ulikuwa wapi?"

Alimwambia. Hospitali kubwa, wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha.

"Tangu lini?"

"Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita," Profesa alisoma. Alikuwa anasoma kutoka kwenye mchoro wake. "Kwa hiyo huu mstari ulionyooka... huyu ni mama."

"Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alijua utaacha mtihani."

"Aliposema anaanika nguo?"

"Alikuwa amelala kitandani. Nilimwekea mito."

"Nilimcheka, dada. Nilimwambia mama umezeeka, unaanika nguo mpaka Jumapili. Mimi nimeutazama mstari huu miezi minane. Nimeubandika ukutani. Nilikuwa naona wema."

"Mdogo wangu..."

"Aliteseka?"

Dada mtu alifumba macho. "Aliteseka."

Simu ilikatwa.

Siku hiyohiyo Profesa aliandika barua kwa msimamizi wake. Hakungoja kesho yake. Kwa hilo alikuwa amelelewa na mtu anayepima mafungu. Sura ya tatu ilitolewa, na kwa kuwa sura ya nne ilisimama juu ya ya tatu, nayo ilianguka. Jina lake liliondolewa kwenye ratiba ya mkutano. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimshauri aanze na data ya nchi nyingine, lakini ufadhili ulikuwa umebakiza miezi saba, na kazi ile ilitaka miaka miwili. Alijaribu. Miezi saba ilipokwisha, chuo kilimpa barua ya ukurasa mmoja inayosema amekamilisha masomo yote isipokuwa tasnifu. Alipata kazi hukohuko, kwenye kampuni ya bima, ya kukadiria uwezekano wa watu kuvunjika miguu.

Barua nyingine ya chuo ilifika kwenye ofisi ya takwimu, kwa utaratibu wa kawaida wa kuripoti data yenye kasoro. Walikuja watu wawili na faili. Dada Bei aliwakaribisha ndani, akawapa maji ya kunywa, akakubali kila kitu kabla hawajamaliza kusoma.

"Kama ungezibadili-badili kidogo tu, dada," alisema mkubwa wao, mtu mzima mwenye miwani, karibu kwa huruma, "hata mimi leo nisingekuwa hapa kwako."

"Ningezibadili kwa kufuata nini?" aliuliza.

Mzee alisukuma faili mbele yake. Alimpa kalamu atie saini. Miezi mitano ya soko lile ilifutwa kwenye kumbukumbu za nchi na nafasi yake kuachwa wazi, na tarehe kumi iliyofuata aliingia sokoni kijana mwenye simu ya kisasa, akauliza bei ya fungu la nyanya, akaandika, akaenda zake. Dada Bei alipata kibarua kwenye ghala la nafaka, kupima magunia yanayoingia. Wauzaji waliendelea kumwita jina lilelile, kwa mazoea.

Na mdogo wake hakupiga simu. Alituma ujumbe mwisho wa kila mwezi. Salama? Dada mtu alijibu, Salama. Wewe? Jibu likaja, Salama. Ilikuwa hivyo miezi kumi na mmoja. Mara nyingi aliandika ujumbe mrefu zaidi, akausoma, akaufuta. Hakuona ni neno gani analoweza kumpa mtu ambaye yeye mwenyewe alimdanganya kwa upendo na kumwambia ukweli kwa kuchelewa.

Simu iliita Jumatano, wakati wa mapumziko ya mchana, akiwa amekaa kwenye gunia tupu mlangoni mwa ghala. Wapakuzi walikuwa wanalumbana kuhusu mpira. Alisogea pembeni.

"Dada," Profesa alisema. Sauti yake ilikuwa imekua. "Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Sitaki kugombana. Nimegombana na wewe peke yangu mwaka mzima, nimechoka. Nataka kuuliza kitu kimoja. Siku ile ya mwisho, mama alisema nini?"

Jibu lilikuwepo, tayari, na mtu yeyote angelijua. Alikutaja. Alisema mwambie Profesa asome. Mama yule angeweza kabisa kuyasema maneno hayo. Yasingemuumiza mtu, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuyapinga. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni alikuwa ameruhusiwa siku moja kabla, na nesi alikuwa upande mwingine wa wodi.

"Sijui," alisema. "Sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Ilikuwa tarehe kumi na nne. Ndiyo siku ya mwisho ya kupokea fomu. Ofisi kuu iko mtaa wa tatu kutoka hospitali, nikasema naenda narudi. Mwenye muhuri alikuwa ametoka kwenda kula. Nikamngoja."

Simu haikukatwa.

"Ulimngoja muda gani?"

"Saa moja na nusu."

"Uliporudi?"

"Nilikuta wameshatandika kitanda. Nikadhani nimekosea wodi."

Alisikia pumzi ya mdogo wake ikikatika, kisha ikirudi.

"Asubuhi ulipoondoka, alikuwa macho?"

"Alikuwa macho. Aliniambia nivae viatu vya kufunika, mvua inakuja."

"Ilikuja?"

"Haikuja."

"Alikuwa anatazama wapi?"

"Dirishani."

"Kulikuwa na nini dirishani?"

Aliegemea ukuta wa ghala, akajaribu kuliona dirisha lile. Profesa aliendelea kuuliza: alikuwa amelalia upande gani, alikuwa amevaa nini, nani alimfumba macho. Yale aliyoyajua aliyasema. Kwa mengine alisema sijui, na mdogo wake akauliza lingine. Msimamizi wa ghala aliita mara mbili kwamba mapumziko yamekwisha. Hakugeuka. Walikuwa wamefika kwenye jina la nesi, ambalo pia hakulikumbuka, chaji ya simu ilipoisha.